Mkate wa Mapacha

Siku ya pili ya matanga ya bibi yetu, Nkambo, asubuhi, walinituma mimi nikachukue mikate. Aliyepanga hivyo ama hakunijua vizuri, ama alinijua akaamua kunitania. Nilisimama kwenye mstari mbele ya tanuri la mtaa wetu, hapa Kalemie, na mwokaji alipovuta lile bati linaloziba mdomo wa tanuri, harufu ikatoka yote kwa pamoja. Mama mmoja wa rika langu aliyekuwa mbele yangu akafumba macho. "Aaa," akasema, "harufu ya utoto!" Mimi nikajiziba pua kwa ncha ya kitenge na kujishika koo. Akageuka, akanitazama usoni, kisha tumboni, akatabasamu kama mtu aliyegundua siri ya watu. Sikuwa na mimba. Nilikuwa naogopa mkate.

Ndiyo, mkate. Mtu mzima mwenye kazi yake, mume wake na akili zake timamu, anaogopa mkate. Ninyi mliokua pamoja nami mkichovya mkate kwenye chai ya maziwa ya unga kabla ya kwenda shule, chekeni tu, nimeshazoea. Utoto wangu mimi ulinuka muhogo: muhogo uliolowekwa, muhogo ulioanikwa juu ya bati, bukari, yaani ugali wa muhogo, mchana na viporo vyake vilivyochomwa asubuhi. Mkate ulikuwa kitu cha nyumba za watu wengine, na nilipoupita njiani niliubania pumzi.

Sisi tulikuwa mapacha, mapasa kwa lugha ya kwetu. Kyungu alitoka kwanza, mimi Kabange nikafuata, na majina hayo hakutuchagulia mtu. Kwa Waluba yanakungoja hata kabla hujazaliwa. Papa alikuwa fundi kwenye kituo cha umeme cha Bendera, akija nyumbani mara moja moja na mfuko wa nguo chafu. Mama alikuwa mshonaji, cherehani yake ikiwa barazani. Aliyetawala alikuwa Nkambo, mama yake Papa, ambaye tulimwita hivyo kwa Kiluba kwa kuwa ni mzazi wa mzazi wetu. Nkambo alikuwa mwembamba, mkali, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na sheria yake ilikuwa moja tu. Anachopewa pacha mmoja apewe na mwenzake, kitu kilekile, kipimo kilekile, wakati uleule.

Sheria hiyo haikuwa na mlango wa nyuma. Mgeni aliyekuja na chungwa moja alirudi nalo, au lilikatwa kwa kisu mbele ya macho ya Nkambo, naye akapima vipande kwa kuvishika viganjani. Mama aliposhona gauni, alishona mawili kutoka kitambaa kimoja. Kyungu akiugua malaria na kupewa dawa, mimi nilipewa kijiko cha maji ya sukari saa hiyohiyo, kwa uso wa huzuni uleule. Hata kofi: Kyungu akizabwa kofi kwa ujeuri wake, na ujeuri alikuwa nao, mimi niliyekaa kimya pembeni nilipata la kwangu, jepesi kidogo. Nililalamika sana juu ya hilo. Sikusikilizwa.

Nkambo alikuwa na sababu. Yeye mwenyewe aliwahi kuzaa mapacha, Papa na kaka yake. Siku moja mgeni aliwasili kutoka Manono na kofia moja ndogo ya kufuma, na kwa kuwa Papa alikuwa macho na mwenzake amelala, akamvika Papa. Aliyelala alipoamka alimwona ndugu yake na kofia, akalia. Baadaye akashikwa na homa, na hakupona. "Alikasirika," Nkambo alikuwa akituambia, akitazama mikono yake. "Pasa akikasirika, anarudia kwenye alitoka. Ile siku miye nilikuwa naangalia kofia, nacheka." Basi tuligawana hata pumzi.

Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa hapa duniani ni mdomo wa Kyungu. Tulikuwa wadogo, tumekaa kwenye mkeka, kila mmoja na biskuti yake mkononi. Nilikuwa nautazama uso wake kama nilivyozoea, maana ndio uso niliouona kuliko wowote mwingine, nikaona mdomo unakua. Ukakua, ukageuka nje. Macho yakawa mistari. Kisha ikaanza sauti, filimbi nyembamba iliyotoka kifuani mwake kila alipovuta hewa. Mama akapiga kelele barazani. Nkambo akaja mbio, akainyakua biskuti mkononi mwa Kyungu, na kwa sababu sheria ni sheria, akainyakua na ya kwangu pia, akazitupa zote mbili uani. Halafu ikawa hospitali, sindano, na mwishowe ile filimbi ikanyamaza.

Watu wazima walikumbuka sindano. Mimi nilikumbuka kwamba walininyang'anya biskuti, kisha Kyungu akapumua. Mtoto anajumlisha kwa alichonacho.

Haikuwa mara moja. Ilipotokea tena kwa kipande cha chapati, daktari mmoja wa hospitali, mama kijana mwenye sauti ya chini, aliuliza maswali mengi hadi akampata mwizi. Mazungumzo yao nilikuja kuyapata kwa Mama nikiwa mkubwa, maana siku hiyo nilikuwa nimelala mgongoni mwa Nkambo.

"Mwili ya huyu mutoto inakatala ngano," daktari alisema. "Njo alerji. Mukate, biskwi, mandazi, chapati, makaroni, vyote hapana. Hata kidogo ya kuonja, hapana."

"Mpaka wakati gani, Dokta?" Mama akauliza.

"Watoto wengi wanaachana nayo wakikomaa. Wengine wakianza masomo tu, wengine wakiwa wakubwa zaidi. Kuko na wengine haiwatoke. Huyu ni wa fungu gani, siwezi kukudanganya, Mama, sijui. Lakini usimujaribu kwenye nyumba. Siku ya kujaribu, mutamuleta hapa, sindano ikiwa karibu."

Nkambo akauliza, "Na mwenzake?"

"Mwenzake hana shida. Anaweza kula."

Mama anasema Nkambo alicheka kicheko kikavu. "Dokta," akasema, "hawa ni mapasa."

Basi ngano ikahama nyumbani kwetu, kwangu na kwa Kyungu sawasawa. Mama hakupinga, alisema afadhali hivyo, nyumba isiwe na hata chembe. Papa alipokuja kutoka Bendera alileta karanga, vifuko viwili viwili, badala ya biskuti. "Mapasa hawakulake mukate," wageni waliambiwa mlangoni, nasi tukasimama pale, magauni sawa, tukitikisa vichwa sawa. Hakuna aliyenivuta pembeni kuniambia kwamba mimi ni mzima. Nadhani hawakuona sababu, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha mimi peke yangu.

Sasa nije kwenye siku ya samaki.

Jirani yetu alikuwa Mama Salima, Mwislamu ambaye wazee wake walivuka ziwa zamani na biashara zao kutoka Ujiji. Alikuwa mama mwema kupita kiasi. Siku ya Idi, wakati nyumba yake yote inanuka chapati na sambusa, sisi alitupikia vitumbua vya mchele kwenye chungu cha peke yake, akatuletea mwenyewe, hesabu sawa kwa sawa, ili Nkambo asipate aibu ya kutukataza mbele yake. Sheria yetu aliijua na kuiheshimu. Ndiyo iliyotuponza.

Kyungu alikuwa na malaria, amelala ndani. Mama alinituma kwa Mama Salima kurudisha sufuria, nikamkuta uani akikaanga mikebuka, wale samaki wembamba wa ziwani mnaowajua. Akanipa kipande kwenye bakuli. Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wake nikala. Samaki alikuwa na ganda jembamba la njano, kavu, linalovunjika kwa kelele kidogo. Nilipolitafuna, ulimi wangu ukasimama. Ile ladha niliijua. Ilitoka mbali sana, kutoka kwenye mkeka, kutoka kwenye mkono ulionyang'anywa.

Niliacha bakuli pale pale nikakimbia. Kabla sijafika mlangoni kwetu niliisikia filimbi.

Uso wa Kyungu haukuwa uso wa Kyungu tena. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Mama alikuwa amembeba akitoka naye, kanga imemdondoka, anaita pikipiki barabarani kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Nkambo alisimama katikati ya ua ameweka mikono kichwani. Pikipiki ikaja, ikawachukua, vumbi likabaki. Mimi nikaenda nyuma ya choo, nikajitia vidole kooni hadi mwisho, nikatapika. Nikatapika samaki, nikatapika maji, nikaendelea hata tumboni kulipokuwa hakuna kitu, kwa sababu nilijua kwamba kila chembe iliyobaki ndani yangu ilikuwa mkono uliomkaba Kyungu shingoni.

Jioni wakarudi. Kyungu alikuwa mgongoni mwa Mama, uso umepungua, anaulizia bukari. Na mimi ndiye niliyemponya. Ndivyo nilivyojua, na sikumwambia mtu, kwa sababu ningemwambia vipi kwamba nimemponya bila kusema kwamba nilimuua kwanza?

Miaka mingi baadaye, nimeshaolewa, Mama Salima alinisimulia upande wake akilia. Siku ile samaki walikuwa wanang'ang'ania kikaangio, akawapaka unga wa ngano kidogo ili wasimeguke. Kwake huo haukuwa mkate. Ulikuwa unga tu wa kupaka. Na aliponipa mimi kipande, palepale alimtuma binti yake apite njia ya nyuma ampelekee Kyungu kipande chake kilichofanana na changu, maana huwezi kumpa pacha mmoja ukamwacha mwenzake. Watu wazima wote waliyaona mabaki ya samaki kitandani kwa Kyungu, wakaelewa. Mimi sikuyaona. Mimi niliona kwamba nimekula, na yeye amevimba.

Tangu hapo nikawa mlinzi. Kyungu alikuwa anachunga mdomo wake, mimi nilikuwa nachunga mdomo wangu kwa ajili ya koo lake, na yangu ilikuwa kazi ngumu zaidi. Nilikataa peremende ambazo sikuzijua. Nilinusa samaki kabla ya kula hadi watu wakaona nina dharau. Mama muuza mandazi alikaa karibu na lango la shule, na nilikuwa napita upande wa pili wa barabara, pumzi nimeibana, nikiogopa hata moshi wake usiingie kwangu ukatokea kwa dada yangu. Darasani walituita Mapasa wa Bukari. Nililala vibaya. Kyungu akikohoa kwa vumbi tu, nilirudia kichwani kila nilichokula tangu asubuhi, kimoja kimoja.

Na yeye? Yeye alicheka. Aliyekosa pumzi haoni uso wake mwenyewe. Mimi ndiye niliyeuona. Kyungu aliupenda mkate kwa mbali jinsi wasichana wengine wanavyopenda waimbaji. Alisimama karibu na muuza mandazi makusudi, akavuta hewa kwa pua zote mbili. Aliwahoji wenzetu. "Mukate ndani yake iko namna gani? Iko kama bukari?" Wakamwambia hapana, iko na matundu matundu. "Matundu ya nini?" Hakuna aliyejua. Nilimvuta mkono twende, akaniambia mbele ya watu, "Ee Kabange, weye uko polisi ya mandazi!" Watu wakacheka. Nilimchukia siku hiyo, na usiku nikamsikiliza kama anapumua.

Tulipokaribia kumaliza shule ya msingi, Kyungu alimwambia Mama jambo. Alikuwa amelamba kidole kilichoshika andazi la mwenzake. Siyo mara moja. Na hakuvimba.

Nilidhani Mama atampiga, nami nipate la kwangu. Mama alikaa chini tu. Mwaka uliofuata tungekwenda kusoma mbali, shule ya kulala, ambako asubuhi watoto hupewa mkate na hakuna mama wa kuangalia sahani. Ilibidi ijulikane. Akaenda kwa yule daktari, ambaye sasa alikuwa anavaa miwani, akarudi na siku ya kujaribu.

"Mama, kama inamushika?" Nkambo alimuuliza mkwe wake, ingawa mkubwa ni yeye.

"Dokta atakuwa pale, Mama."

"Hata miye nilikuwa pale," Nkambo akasema. "Ile siku ya kofia."

Tulikwenda sote wanne, mimi na Kyungu na magauni yetu ya bluu. Chumba kilikuwa kidogo, na feni ilizunguka kwa muda kisha ikasimama, umeme umekatika. "Papa yenu amelala kwenye kazi," Nkambo akanung'unika, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mtu kutania asubuhi hiyo. Juu ya meza kulikuwa na sahani yenye mkate, na kando yake sindano iliyokwisha tayarishwa, juu ya kitambaa cheupe. Nkambo alitoa pemba kwenye fundo la kanga yake, ile chokaa nyeupe ya baraka, akatupaka sote wawili katikati ya paji la uso. Daktari alimwacha afanye.

"Ukimupatia Kyungu, umupatie na Kabange," Nkambo akasema.

"Kabange hana ugonjwa, Mama."

"Dokta, nakuomba. Usimupatie mumoja mbele ya mwenzake. Nakuomba."

Daktari alimtazama yule mzee. "Sawa," akasema. "Haitamudhuru."

Mimi nilisikia yote. Nilisikia kwamba sina ugonjwa, na kwangu hilo halikuwa habari: bila shaka ugonjwa ulikuwa kwenye koo la Kyungu. Mdomo ndio ulikuwa wangu. Na sasa walitaka kutupa wote wawili kwa pamoja, wamjaze dada yangu kwa milango miwili.

Chembe ya kwanza ilikuwa kama punje ya mtama. Kyungu alimeza akafungua kinywa kuonyesha. Ya kwangu niliibana kati ya shavu na ufizi. Tukangoja. Daktari alitazama midomo ya Kyungu, akasikiliza kifua chake. Hakuna kitu. Akamega kubwa zaidi. Kyungu akatafuna taratibu, macho yamemtoka kwa furaha. "Iko tamu," akasema, "iko na chumvi kidogo!" Mama akamwambia anyamaze. Mimi nikaweka kingine shavuni. Tukangoja tena, na tena kingine, na shavu langu likajaa.

Lakini mkate hauna adabu, unayeyuka wenyewe. Nilihisi umelowa, unateleza, unatafuta njia nyuma ya ulimi. Nilikaza kila kitu. Ukapita. Niliusikia ukishuka. Nikageuka kumtazama Kyungu, na wakati huohuo, kwa kitu cha kawaida kabisa, kwa jasho labda, Kyungu akanyanyua mkono akajikuna shingo.

Hewa ikakatika. Nilivuta, haikuja. Nilivuta tena ikaja filimbi, na niliposikia filimbi inatoka kwangu nikaanguka kutoka kwenye benchi. Nikamsikia Nkambo akipiga yowe. Mama, aliyeona gauni la bluu na pemba chini sakafuni, akawa analia, "Njo Kyungu? Njo nani? Njo nani?" Daktari akainyakua sindano, akapiga magoti juu yangu. Nakumbuka ncha yake. Kisha akasita. Akanitazama midomo, akanifunua mikono na tumbo kuangalia ngozi, akaweka kile chombo chao baridi kifuani mwangu akasikiliza kwa muda mrefu. Akairudisha sindano kwenye kitambaa.

"Hana kitu," akasema. "Anaogopa." Akanikalisha, akanishika kidevu. "Unaogopa nini, mama?"

Nikatema kiganjani kilichobaki shavuni. Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu.

"Nikimeza miye, Kyungu anakufa."

Mama aliacha kulia. Nilimsikia akisema polepole, "Yesu wangu, tangu wakati gani?" lakini Kyungu alikuwa ameshashuka kwenye benchi. Yeye ambaye hucheka kila kitu hakucheka. Alikwenda mezani. Pale kwenye sahani kulikuwa na vipande vya mwisho, vikubwa, viwili, daktari alikwisha vikata sawasawa kwa ajili ya Nkambo.

"Kabange, uniangalie," akasema.

"Kyungu, ngoja!" daktari akasema.

Hakungoja. Akala cha kwake. Kisha akachukua cha kwangu.

"Hapana!" Nkambo akainuka. "Ya mwenzako, hapana! Mutoto we, hapana!"

Akala na cha kwangu, chote, akanitazama machoni wakati anatafuna.

Daktari alifoka, akamkalisha, akashika mshipa wa mkono wake, sindano ikiwa magotini. Daktari na Mama walimtazama Kyungu shingoni. Mimi nilimtazama Kyungu shingoni. Nkambo peke yake alikuwa ananitazama mimi. Mmoja alikuwa amekula mara mbili na mwingine hakula, mbele ya macho yake, kama siku ya kofia, na alikuwa anangoja niudhike nirudi nilikotoka. Jua lilihama kutoka dirishani hadi ukutani. Daktari hakuturuhusu kutoka. Alituambia inaweza kuchelewa. Kyungu alichoka kutazamwa, akalala, na hata alipolala tulimhesabia pumzi.

Aliamka akasema ana njaa.

"Imemutoka," daktari akasema mwishowe, na sauti yake ya chini ilikuwa imekauka. Mama akajifunika uso kwa kanga akalia kwa furaha, mabega yakitingishika. Nkambo akasogea akakaa mbele yangu.

"Kabange. Hukasirike?"

"Hapana, Nkambo."

"Mwenzako amekula ya kwako, na hukasirike? Hata kidogo ndani ya roho?"

"Hapana. Miye siitake."

Alinishika paji la uso, pale kwenye pemba, akanishika shingo, kuhakikisha kwamba sina joto. Kisha akaitazama ile mikono yake mikubwa.

"Basi ule wangu alikufa na nini?" akauliza.

Nadhani daktari alitaka kusema homa, malaria, watoto wa zamani. Hakuna aliyemjibu Nkambo, si siku ile wala baadaye, na tangu siku ile hakusimulia tena habari ya kofia. Alizidi kugawa kila kitu sawasawa hadi uzeeni, lakini vile mtu anavyosalimia, kwa mazoea, macho yake yakiwa kwingine.

Hivyo nikarudi na mikate ya matanga, nimeibeba mbali na mwili wangu. Kyungu alikuwa ameshuka kutoka Pepa, ambako mume wake anafuga ng'ombe, akaja na binti yake mdogo anayeuliza maswali kama yeye zamani. Tulikaa kwenye mkeka na kina mama wengine. Kyungu alichukua mkate mmoja, akaukata, akavipima vipande viganjani kama Nkambo, akaniwekea cha kwangu mbele yangu. Ndivyo tunavyofanya siku zote tukikutana. Ananiwekea, sikigusi, anamaliza chake, kisha ananyoosha mkono anachukua na changu.

Binti yake alikuwa ananitazama. "Mama mudogo, ngano inakukatala?"

"Hapana. Ilikuwa inamukatala mama yako."

"Sasa mbona yeye anakula?"

"Alipona. Alikomaa, ikamutoka."

Mtoto alifikiri, mdomo umejaa. "Na weye itakutoka siku gani?"

Kina mama wakacheka, wakamwambia mtoto ana mdomo kama mama yake. Kyungu hakucheka. Alikuwa amemaliza kipande chake, na mkono wake ulikuwa umekaa magotini. Hakuunyoosha. Aligeukia upande wa pili, akaanza kuongea na Mama Salima kuhusu bei ya ng'ombe, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na kipande changu akakiacha palepale.

Nikakimega. Chembe tu, kama punje ya mtama. Niliitia kinywani, na safari hii sikuiweka shavuni. Niliitafuna. Ilikuwa na chumvi kidogo, kama alivyosema. Kyungu aliendelea kuongea, anacheka sasa, kichwa amekirudisha nyuma. Nikameza, macho yangu yakiwa kwenye shingo yake.